Windows 11 imeingia, programu ya hesabu za nyumbani imegoma: ubaki na Money ya zamani, uhamie GnuCash, HomeBank au Excel?

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 watu kibao wamehamia Windows 11, wengine kwa kupenda, wengine fundi kawaambia hamna namna, na malalamiko yanayofuata yanafanana sana: ile programu niliyokuwa naandikia mapato na matumizi haifunguki, au inafunguka ila haioni faili, au faili linaonekana ila tarehe zimechanganyika na salio halieleweki. Mimi hizi programu nashinda nazo, za kwangu na za watu wanaoniletea laptopu zao, kwa hiyo nazilinganisha hapa ujue kama ubaki ulipo au uhame, na kama ni kuhama uelekee wapi.

Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua nimeegemea wapi. Cha kuangalia kwanza ni faili lako limehifadhiwa kwa muundo gani na je unaweza kulitoa humo ukaenda nalo kwingine, hayo ya grafu na rangi yaje baadaye. Programu ikifa unapata nyingine, lakini kumbukumbu za miaka kumi za ada za shule, kiwanja, mkopo wa SACCOS na michango ya msiba hakuna wa kukuandikia upya.

Kwanza hakikisha kweli programu ndo imekufa

Mara nyingi nikiletewa mashine nakuta programu ni nzima, kilichohama ni faili. Windows 11 ukiianza na akaunti ya Microsoft inapenda kuwasha OneDrive (hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni) yenyewe na kuhamishia folda ya Documents huko, sasa programu inakwenda kwenye njia ya zamani inakuta hamna kitu, inakufungulia daftari jipya tupu na roho inakuruka. Fungua folda ya OneDrive halafu Documents, utalikuta humo. Likiwa na alama ya wingu pembeni maana yake faili lenyewe liko kwenye seva, kwenye mashine yako kuna jina tu, na bando likiwa limekata halifunguki hata ufanyeje. Libofye kwa kitufe cha kulia uchague libaki kwenye mashine wakati wote, likipata tiki ya kijani likopi kwenye folda ya kawaida nje ya OneDrive, mfano C:\Hesabu, ulifungulie hapo. Faili la hesabu kukaa kwenye folda inayopanda mtandaoni huku programu inaliandika ni kutafuta matatizo, siku moja utakuta nakala mbili zenye majina yanayokaribiana na hujui ipi ni ya kweli.

La pili ni tarehe, na hili ndo baya zaidi kwa sababu halitoi ujumbe wowote. Mashine ikipigwa Windows upya mara nyingi inaachwa kwenye mpangilio wa Marekani ambao mwezi unatangulia siku. Ukiingiza taarifa ya benki yenye 03/04/2025 sisi tunasoma tarehe 3 Aprili, mashine inaisoma Machi 4, inaipokea kimya kimya na kusonga mbele, halafu ikifika 17/04/2025 inashindwa maana hakuna mwezi wa 17, kwa hiyo inaiacha kama maandishi ya kawaida. Kwenye Excel unaitambua kwa macho tu, tarehe zilizoeleweka zinasimama upande wa kulia wa kisanduku, zilizoshindikana zinabaki kushoto, na safu ikiwa nusu kulia nusu kushoto ujue hata hizo za kulia ni za uongo. Nenda Settings, Time & language, Language & region, weka muundo wa Tanzania au Kenya au Uingereza kabla hujaingiza kitu chochote kwenye programu yoyote kati ya hizi.

Na kama umehama juu ya Windows 10 ileile bila kufuta diski, una siku 10 za kurudi ulikotoka kupitia Settings, System, Recovery. Zitumie. Rudi, toa hesabu zako kwa utulivu kwenye programu ya zamani ikiwa bado inafanya kazi, kopi kwenye fleshi, halafu ndo uhame tena. Siku hizo zikipita Windows inafuta mafaili yake ya zamani na mlango umefungwa.

Microsoft Money na GnuCash

Hawa ndo nawalinganisha kwa kirefu maana anayetoka kwenye Money mara nyingi GnuCash, programu ya bure ya uhasibu, ndo anayotajiwa kwanza.

Money ni programu ya Microsoft ya hesabu za nyumbani, waliacha kuiuza tarehe 30 Juni 2009, mwaka 2010 wakatoa toleo la bure linaloitwa Money Plus Sunset ambalo halihitaji kusajiliwa, na Januari 2011 huduma zake za mtandaoni zikazimwa. Pamoja na hayo wapo watu mpaka leo hawataki kusikia kingine, na nawaelewa kabisa. Money ni nzuri. Inaonyesha bili zinazokuja, inaonyesha salio litakavyokuwa mwisho wa mwezi, na mtu ambaye hajawahi kusoma uhasibu anaielewa siku hiyohiyo. Windows 11 bado inaendesha programu za biti 32, yaani za muundo wa zamani, kwa hiyo Money inaingia na mara nyingi inafanya kazi.

Shida yake ni kwamba kurasa zake zimejengwa juu ya vipande vya Internet Explorer, kivinjari cha zamani cha Microsoft, na Internet Explorer 11 ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022, kwa hiyo unaweza kuifungua kwenye mashine mpya ikakujibu kwamba inahitaji Internet Explorer na kujifunga. Wapo wanaoitengeneza kwa kuhariri rejista ya Windows (inapoweka mipangilio yake ya ndani) na inakubali, ila kama hujui rejista ni nini usiiguse, na hata ukijua, ujue unatengeneza kitu ambacho mwenyewe kaacha kukitunza zaidi ya miaka 15 iliyopita na hakuna anayekuhakikishia apdeti ijayo haitakivunja tena.

Kingine ni faili. Money inaweka kila kitu kwenye faili la .mny na bakapu yake ni .mbf, ukilifungua kwa Notepad unaona takataka tupu, ni la Money na Money peke yake. Hiyo .mbf nayo usihangaike kuibofya ukidhani ndo daftari, inarudishwa kutokea ndani ya Money kwenye menyu ya File. Sasa linganisha na GnuCash, faili lake kwa kawaida ni XML (maandishi yanayosomeka) iliyobanwa, yaani ukilifungua kwa programu ya kufungulia zip na kulitazama unasoma jina la akaunti, tarehe, kiasi, kwa macho yako. Au ukitaka unalihifadhi kama SQLite (aina ya hifadhidata) ambayo inasomwa na programu nyingi sana. Na faili hilohilo linafunguka kwenye Windows, Mac na Linux (mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows). Kwangu hapo GnuCash imeshinda hata kabla sijagusa mengine.

Ugumu wa GnuCash ni kuizoea. Inatumia uhasibu wa pande mbili, kila hela ina ilikotoka na ilikokwenda, hakuna kuandika matumizi yanayoelea. Mfano umetoa laki moja kwa wakala na umekatwa, tuseme, 3,600. Kwenye daftari la kawaida unaandika nimetoa laki basi. GnuCash inataka mistari mitatu: M-Pesa imepungua 103,600, mfukoni imeongezeka 100,000, na akaunti ya makato imeongezeka 3,600, jumla lazima zikubaliane. Wiki ya kwanza utaona usumbufu, ila mwisho wa mwaka ukifungua ripoti ukaona makato na tozo peke yake yamekula kiasi gani utaelewa kwa nini nasisitiza. Money makato hayo unaweza kuyaandika pia ila haikulazimishi, na binadamu asipolazimishwa haandiki.

Kwa mweka hazina wa kikoba au chama sina mjadala, ni GnuCash. Pesa za watu zinataka kila shilingi iwe na pande mbili. Hata kwa wenye sarafu zaidi ya moja ni hivyohivyo, ndugu zetu walioko Oman wanajua riali moja ina baisa 1000, sehemu tatu baada ya nukta, na GnuCash inaijua riali hivyo wakati karatasi nyingi za Excel zimepangwa kwa sehemu mbili na zinakupoteza kidogo kidogo kwenye maonyesho.

Kero moja ya GnuCash ambayo inawatisha watu baada ya kubadilisha mashine au umeme kukatika: inasema haiwezi kulifungia faili, huenda mtu mwingine analitumia. Hakuna mtu. Ilipozimika ghafla iliacha kijifaili chenye mwisho wa .LCK, na ukikopi folda nzima kwenda mashine mpya nacho kinahama. Hakikisha haijafunguliwa sehemu nyingine, chagua kufungua hivyohivyo, basi. Na zile faili nyingi zenye tarehe ndefu kwenye jina ni bakapu zake, usizifute kwa kudhani ni uchafu.

Kutoa hesabu kwenye Money bila kuziharibu

Njia ya kutoka ni QIF, muundo wa zamani ambao karibu programu zote hizi zinaupokea. Money inatoa akaunti moja moja, kwa hiyo kama una benki mbili, akiba na mfukoni unarudia mara nne. Ukifungua faili la QIF kwa Notepad utaona kitu kama hiki:

!Type:Bank
D15/03/2024
T-20,000.00
PLUKU
LNyumbani:Umeme
^

D ni tarehe, T ni kiasi, P ni uliyemlipa, L ni fungu la matumizi, na hiyo alama ya mwisho inafunga muamala. Angalia nini hakipo: sarafu haipo. Elfu ishirini za nini, shilingi au dola, faili halisemi, kwa hiyo programu mpya itaweka sarafu utakayoichagua wewe wakati wa kuingiza, ukikosea akaunti ya dola inageuka ya shilingi. Na tarehe nayo haijielezi ni siku kwanza au mwezi kwanza. GnuCash ikiona utata inakuuliza, na hapo jibu kwa kuangalia muamala unaoukumbuka, usibahatishe.

Halafu kuna uhamisho kati ya akaunti zako mwenyewe. Ukitoa QIF ya benki na QIF ya akiba, ile laki uliyohamisha itakuwemo kwenye zote mbili, na ukiziingiza bila kuangalia unakuwa na laki mbili. Uhamisho unautambua kwa mabano ya mraba kwenye mstari wa L, mfano L[Akiba]. GnuCash inajitahidi kuzipatanisha ukiziingiza pamoja kwa mara moja, kwa hiyo ziingize pamoja, usiingize moja leo nyingine wiki ijayo.

HomeBank kwa asiyetaka uhasibu

Sasa kuna mtu ananiambia mimi nina mshahara, kodi ya nyumba, watoto wawili na M-Pesa, hayo ya pande mbili ya nini. Huyo namwelekeza HomeBank na moyo wangu mweupe. Ni ya bure kama GnuCash, ni nyepesi hata kwenye laptopu ya RAM gigabaiti 4, faili lake ni .xhb ambalo ni XML, unalifungua kwa Notepad na kulisoma, na inapokea QIF, OFX (muundo wa taarifa za benki) na CSV (jedwali la maandishi matupu). Ukiwa umetoka Money utaona fikra zinafanana, akaunti, mafungu, bajeti ya kila fungu kwa mwezi. Ule mfano wa wakala kwenye HomeBank mimi huandika mara mbili, uhamisho peke yake na makato peke yake, inatosha.

Inapozidiwa na GnuCash ni hisa, mikopo yenye riba, na biashara. Ukianza kuchanganya duka na nyumba HomeBank itakuchosha haraka. Na kwa wa Mac kuiingiza si kazi ya kubofya mara moja, unapitia programu za kusimamia vifurushi, kwa hiyo ni ya Windows na Linux zaidi.

Money Manager Ex nayo ipo katikati ya hizi mbili, faili lake ni SQLite na ina toleo la Android, kama unataka kuandika matumizi ukiwa sokoni ijaribu hiyo.

Hapo kwenye Linux nina neno kidogo. Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine) na kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha 8, na laptopu nyingi za mtumba tulizonazo ni za chini ya hapo. Microsoft wameweka mpango wa kuongeza apdeti za usalama za Windows 10 kwa watu binafsi mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, ukijiunga unapata muda wa kujipanga. Kama mashine yako ni ya aina hiyo, usilazimishe Windows 11 kwa njia za panya kisha ukaweka hesabu za familia humo, weka Linux na GnuCash au HomeBank na itakuhudumia miaka.

Excel na mwenye hela zote kwenye simu

Watu wanaidharau Excel kwenye mambo haya, mimi siidharau. Kama asilimia kubwa ya hela yako inapita kwenye simu, ukweli ni kwamba hakuna hata moja kati ya programu hizo inayosoma taarifa ya M-Pesa moja kwa moja. Ile ya Kenya inakuja kama PDF yenye namba ya siri, na ndani kuna safu za namba ya risiti, muda, maelezo, hali ya muamala, kilichoingia, kilichotoka na salio. Lazima uifungue, uitoe kwenye PDF iwe jedwali, usafishe, ndo uipeleke CSV kwingine. Na kazi hiyo inafanyika Excel au LibreOffice Calc (mbadala wa bure wa Excel), sasa wengine wakishafika hapo wanaona wabaki hapohapo, na kwa matumizi ya mtu mmoja wako sawa.

Ila Excel nayo inapigwa na kuhama mashine. Kwanza Office ya laptopu ya zamani huenda isihame, unafungua faili lako unaliona vizuri kabisa ila halikubali kuandikwa kwa sababu Office haijaamilishwa. Hapo LibreOffice ya bure inakutoa, inafungua .xlsx na fomula za kawaida za kujumlisha zinakuja salama. Pili ni makro, yaani amri ndogo zinazojiendesha ndani ya karatasi. Kama karatasi yako ina vitufe ulivyotengenezewa na mtu na umejitumia faili kwa imeili, Windows inaliweka alama kwamba limetoka mtandaoni na Excel inazuia makro kwa ule mstari mwekundu juu. Vitufe vyako ni vizima. Libofye faili kwa kitufe cha kulia, Properties, weka tiki kwenye Unblock chini kabisa, funga ufungue tena. Fanya hivyo kwa faili lako tu unalolijua, usifanye kwa la mtu.

Udhaifu wa Excel usiotibika ni kwamba haikukatazi kukosea. Ukifuta mstari mmoja kwa bahati mbaya salio linabadilika na hakuna atakayekwambia. Kwa hela yako mwenyewe unaweza kuvumilia, kwa hela ya kikundi hapana.

Wa Marekani, Kanada na wa Mac

Quicken, programu ya kulipia ya hesabu za nyumbani, naitaja kwa ajili ya ndugu walioko Marekani na Kanada, huko inaunganika na benki zao, huku kwetu kulipia kila mwaka kwa kitu ambacho benki zetu hazimo sioni faida. Na watumiaji wake wa Mac wanajua maumivu haya kuliko wote. Mac OS X Lion ya Julai 2011 iliondoa Rosetta (inayoendesha programu za prosesa za aina ya zamani) na Quicken 2007 ikakata siku hiyohiyo, mpaka Machi 2012 Intuit, wenye Quicken wakati huo, walipotoa toleo la kuziba pengo. Oktoba 2019 Catalina ikaja ikaondoa programu zote za biti 32. Sasa Apple wameshatangaza kwamba macOS 26 ndo ya mwisho kwa Mac zenye prosesa ya Intel na kwamba Rosetta 2 itabaki kikamilifu mpaka macOS 27. Kwa hiyo mwenye Mac fungua System Information, nenda kwenye orodha ya programu, tazama safu ya aina. Programu yako ya hesabu ikiandikwa Intel, anza kutafuta toleo jipya au anza kutoa data sasa hivi wakati bado inafunguka.

Ukishaamua, hama hivi

Kikundi, biashara ndogo, sarafu mbili au zaidi: GnuCash. Nyumba na mshahara: HomeBank. Simu tu na mtu mmoja: Excel au Calc. Money ibakize ya kusomea ya nyuma, kwenye mashine ya zamani ambayo haiingii intaneti kama unayo.

Na usijilazimishe kuhamisha historia yote. Hili ndo linalowachosha watu wanakata tamaa katikati. Anzia Januari 1 ya mwaka huu, weka salio la kuanzia la kila akaunti, ingiza QIF za mwaka huu peke yake. Miaka ya nyuma ichapishe ripoti zake kutoka Money kwenda PDF, mwaka mmoja faili moja, matumizi kwa mafungu na salio la kila akaunti, utasoma ukitaka.

Kisha endesha zote mbili mpaka mwisho wa mwezi. Mwezi ukiisha chukua taarifa ya benki na ya simu, linganisha salio la kila akaunti kwenye programu mpya na hizo taarifa, akaunti moja moja. Ikipishana, tafuta kwanza uhamisho ulioingia mara mbili, halafu tarehe zilizogeuka, halafu sarafu. Zote zikikubaliana acha kuandika kwenye Money, na faili la .mny pamoja na .mbf yake viweke kwenye fleshi mbili, moja ikae nje ya nyumba.